Kaya Arobaini na Moja za Nkulusi

Nyayo za kwanza Veneranda alizifuta mwenyewe kwa ufagio, bila kumwambia mtu. Zilikuwa nyayo za maji, za mguu mtupu wa mtu mzima, zimeanzia mlangoni na kuishia katikati ya chumba cha mbele. Alidhani mumewe ametoka kuoga akaingia bila kujifuta, kama ilivyo kawaida yake. Kumbe Raymundi alikuwa stesheni ya Goweko tangu alfajiri. Alirudi saa tisa, vumbi mpaka kwenye kope, na Veneranda akamwuliza kwa utani ni bibi gani wa huko aliyemwogesha. Wakacheka. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa sabini, kiangazi kimekaza, na maji ya karibu yalikuwa ziwani Nkulusi, mwendo wa nusu saa na zaidi.

Siku ya pili nyayo zilikuwa za watu wanne au watano. Zote zilikuwa zinaingia. Veneranda alizunguka chumba kizima akitafuta zinazotoka, akazikosa, na siku hiyo hakutania.

Huyu Raymundi alikuwa katibu wa kijiji cha Isole, mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye mwandiko mzuri na maneno mengi. Misheni walimfundisha kuandika, na tangu hapo akaamini kwamba hakuna shida duniani isiyomalizwa na karatasi. Tusimcheke sana. Mwaka ule kijiji kizima kiliamini hivyo, na kilikuwa na sababu.

Nkulusi ni ziwa dogo, lakini vijiji vitano vilikunywa humo. Pande tatu zake ni matope na matete. Ng'ombe akiingia hatoki. Upande wa nne tu, wa mashariki, ndio wenye ufukwe mkavu wa kuchotea, na ufukwe huo ulikuwa na hati. Mwenye hati alikuwa mzee Mansukh, muuza vitambaa wa Tabora mjini, aliyeirithi kwa baba yake. Miaka yote hakumzuia mtu. Watu walichota, ng'ombe walikunywa, na Mansukh alibaki dukani kwake akipima kaniki. Kisha wakaja watu kutoka Dar es Salaam wanaotaka kujenga kiwanda cha kukaushia tumbaku pale pale ufukweni, kwa sababu ya maji. Walikuja na waya wa seng'enge na vigingi. Walisema wenye ndoo watafute kwingine.

Vijiji vikapiga kelele mpaka zikafika serikalini. Serikali haikukataa. Ilisema itainunua hati ya Mansukh, ufukwe ubaki kama ulivyo, pasijengwe kitu na mtu yeyote, milele. Ila inataka kuona kwamba hilo ni takwa la wananchi na si la wapiga domo watatu. Zipatikane kaya mia tatu zinazounga mkono: jina la mkuu wa kaya, mke, watoto, na alama ya dole gumba. Mwisho Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba. Raymundi akapewa fomu na kidau cha wino, akatembea vijiji vitano mpaka viatu vikafumuka, akapata kaya mia mbili hamsini na tisa.

Zilizobaki wanaume wao walikuwa porini, upande wa Ipole, kuvuna asali. Na watu wa huku wana mwiko wao: mwanaume akiwa kwenye asali, jina lake halitajwi nyumbani. Hatajwi kwa wito, hatajwi kwa sala, sembuse kuandikwa. Ukimtaja, nyuki wanamjua. Ukimtaja yuko juu ya mti, kamba inasikia, inakatika. Wake zao walimkaribisha Raymundi, wakampa maji, wakamwambia waziwazi kwamba wanautaka ule ufukwe kuliko yeye, na wakakataa kutaja jina.

Wengine wangerudi serikalini kuomba muda. Raymundi alikuwa mjanja, ndiyo balaa lenyewe.

Babu yake mzaa baba alikuwa nyampara wa wapagazi zamani zile mizigo ya pembe ilipotoka Tabora kwenda pwani mabegani mwa watu. Katika safari moja ya kurudi, wakiwa wamebakiza siku mbili tu, ndui ikawakamata. Babu aliwaacha wagonjwa arobaini na moja ufukweni Nkulusi. Aliwaambia wangoje, atarudi na chakula na dawa. Hakurudi. Kuanzia hapo mpaka anaingia kaburini, kila mavuno alimwaga pombe mlangoni na kuwataja mmoja mmoja, na mjukuu wake aliyekuwa anajifunza kuandika akayaweka majina yale kwenye daftari, ili kuonyesha mwandiko. Babu alipofariki pombe ikakoma. Raymundi alikuwa Mkristo safi, hakuwa na nafasi ya mambo hayo. Daftari alilitunza.

Sasa akalitoa. Marehemu hawana nyuki wa kuwadhuru, alijiambia, na isitoshe walifia palepale; nani mwenye haki zaidi ya kusema pasijengwe? Akaketi ofisini mchana kweupe, akawaandika wote kwa wino mzuri wa buluu. Kwenye safu ya mke na watoto alikwama kidogo. Akachungulia dirishani, akaiona nyumba yake ng'ambo ya njia: mke mmoja, watoto wanne. Akaandika hivyo kwenye mstari wa kwanza, na kwa uvivu akaandika hivyohivyo mpaka wa mwisho. Kisha akachovya dole gumba lake, akaligonga mara arobaini na moja. Kesho yake fomu ilikuwa Tabora, kaya mia tatu kamili, na Raymundi akarudi akipiga mluzi.

Siku tatu baadaye ndipo zilipoanza nyayo.

Jumapili, baada ya misa, Raymundi alikuwa amekaa ndani akijipepea kwa kofia. Jua lilikuwa utosini. Binti yake mdogo kuliko wote, wa miaka minne, alisimama mlangoni akitazama uani.

"Shikamoo, baba," mtoto akasema.

"Marahaba," akajibu Raymundi.

"Si wewe." Hakugeuka. "Huyu."

Raymundi aliinuka akatazama. Uwanja ulikuwa mtupu, kuku wamejibanza ukutani. Mtoto akageuza kichwa kidogo kuelekea kulia. "Shikamoo, baba." Akageuza tena. "Shikamoo, baba. Shikamoo, baba." Aliendelea hivyo, kwa adabu, akinyamaza kidogo kila mara kama anayengoja kuitikiwa, na kila mara akionekana kuridhika, mpaka baba yake alipomnyanyua na kumbana kifuani na kufunga mlango kwa mguu. Harufu ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyolowa, na chini yake ya kidonda kilichofungwa kitambaa muda mrefu.

"Umeona nani pale?" alimnong'oneza.

"Akina baba," mtoto akasema, na akaomba uji.

Raymundi alimleta padri wa misheni, padri akabariki nyumba, na alfajiri yake nyayo zilipita juu ya maji ya baraka bila kukwepa. Apolinaria, mkubwa wa watoto, aliyekuwa darasa la tatu na mwenye akili nyingi, alianza kuitika akiwa peke yake jikoni. "Bee, baba," alikuwa akisema, kisha anasimama na kwenda kuchungulia nje. Raymundi alimkataza. Aliahidi, na robo saa baadaye aliitika tena.

Jumatatu saa saba mchana Raymundi alitoka ofisini akamkuta Veneranda uani na sufuria kubwa, lile la kanisa la kupikia sikukuu. Liko juu ya mafiga, na unga wote wa mwezi umeshaingia humo.

"Mama Apolinaria, kuna msiba?"

"Wamekuja na njaa," alijibu kwa sauti ya chini, akisonga kwa mikono miwili. "Niwanyime?"

"Akina nani?"

Alimtazama kama mtu anayelitafuta jina lililo karibu na ulimi. "Mume wangu," akasema. Akasita. "Waume zangu."

Raymundi akasikia njuga. Zilikuja kwanza kwa mbali, kutoka upande wa njia ya zamani ambayo siku hizi ni majani tu, zikaja zikakua, na pamoja nazo kukohoa, kukohoa kwa watu wengi wanaotembea wamechoka, na miguu ikiburuta, na mizigo ikishushwa kwa kishindo mmoja baada ya mwingine, hata ardhi chini ya soli zake ikawa inatikisika, na alipotaka kumshika mkewe mkono wakimbie alikuta hawezi kunyanyua mguu, kwa sababu uwanja wote ulikuwa umejaa, wamechuchumaa kwa mistari wakifuata kivuli cha paa, wanaume vifua wazi, viunoni nguo za kaniki zinazochuruzika maji, na nyuso zao zilikuwa zimetobokatoboka kama sega la asali lililokwisha kukamuliwa, hakuna jicho, hakuna pua, matundu tu, na matundu yote yamemwelekea yeye.

"Mwangaluka, mjukuu wa nyampara," alisema wa mbele, akimwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka," Raymundi aliitikia. Mdomo uliitikia wenyewe.

"Tuliambiwa tungoje, tukangoja. Tulikuwa tumelala, hatuna mtu, hatuna kaya. Wewe ukatuamsha. Ukatuandika mke mmoja, watoto wanne."

"Ilikuwa karatasi tu, wazee wangu. Nilitaka ufukwe usichukuliwe. Ufukwe wenu!"

"Ulipiga dole."

"Huyu ni mke wangu!" Alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya mtu mwenye kwikwi. "Hawa ni wanangu!"

"Kwenye mstari wangu ni wangu," alisema wa mbele, bila hasira. "Na kwenye wangu," alisema wa pili. "Na kwenye wangu," alisema wa tatu, na ikaenda hivyo kutoka kinywa hadi kinywa, taratibu, bila ugomvi kati yao, mpaka kwa yule wa mwisho aliyekuwa karibu na choo. Veneranda alikuwa akipakua. Alikuwa amemaliza sahani za ndani, akawa anapakua kwenye majani ya mgomba.

"Ijumaa ardhi inakuwa yetu," alisema wa mbele. "Ijumaa tunahamia nao."

Basi kijasho chembamba kikamtoka Raymundi, na hakikukauka tena wiki ile. Jioni hiyohiyo alikwenda kwa mfumu Ngollo, mganga wa kijiji cha pili, ambaye alikuwa akimsema vibaya kanisani. Alimwamkia kwa kupiga goti. Ngollo alipasua kifaranga, akatazama ndani yake, akatazama tena kama asiyeamini, kisha akanawa mikono.

"Jini linafukuzwa kwa sababu limekuja bila kuitwa," alisema. "Hawa umewaita, tena kwa maandishi. Mimi nitawaambia nini?"

"Niambie cha kufanya, mzee. Nichinje nini? Nina ng'ombe wawili, wachukue wote."

"Weka ng'ombe wako. Kafute ulichoandika, kabla ya hiyo Ijumaa. Wakifutwa watalala. Wasipofutwa, usije tena hapa kwangu."

Jumanne akadandia treni ya mizigo kwenda Tabora. Bwana Ardhi alimpokea vizuri, akamfungulia faili.

"Umekosea majina?" aliuliza. "Mangapi?"

"Arobaini na moja, mheshimiwa."

Bwana Ardhi akaweka kalamu chini, akamtazama sana. "Ndugu katibu, karatasi hii si yako. Imeletwa na mkutano wa wananchi, na mkutano ndio utakaoitengua. Niletee muhtasari wao kabla ya Ijumaa saa sita, nitayafuta mwenyewe. Lakini uwaambie na hili: zikibaki mia mbili hamsini na tisa, serikali hainunui."

Raymundi alikwenda mbio dukani kwa Mansukh. Alimkuta mzee peke yake katikati ya majora ya vitambaa, na nyuma ya pazia mkewe Jasoda alikuwa akikohoa. Alimwomba asiuze. Serikali ikishindwa, asiwauzie wenye kiwanda, angoje mwaka mmoja, miezi miwili tu, wavuna asali warudi.

"Nimewangojea nyinyi tangu mwezi wa pili," Mansukh alisema. "Unamsikia mama huyo? Daktari amesema nimpeleke Dar kwa mwanetu, na niwe na kitu mkononi. Nimeahidi mpaka Ijumaa. Serikali ikinunua nitafurahi, Mungu anajua. Isiponunua, nawapa wale."

Raymundi akapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya nyuzi.

"Inuka, bwana," Mansukh akamwambia, naye machozi yakimlenga. "Inuka, watu wanaona. Ningekuwa na njia ningekupa."

Mkutano ulikaa Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya ghala la tumbaku. Vijiji vyote vitano vilikuja, kwa sababu habari ilikuwa imeshatembea kwamba katibu amechanganyikiwa. Mwenyekiti Sylvester alimpa nafasi. Raymundi alisimama akasema yote. Hakuficha daftari, hakuficha uvivu, alitaja hadi wino. Mwanzoni watu walicheka. Alipofika kwenye njuga hakuna aliyecheka, maana kumbe wengi walikuwa wamezisikia zikipita nyuma ya nyumba zao mchana, wakanyamaza kila mmoja kwa hofu yake.

"Siwaombi muuache ufukwe," alisema. "Akina mama, nisikieni. Nyumba arobaini na moja za wavuna asali zipo. Nipeni majina ya waume zenu niyaweke mahali pa wale. Serikali inapata mia tatu yake, maji yanabaki, watoto wangu wanabaki. Majina tu!"

Wanawake wakainamisha vichwa. Akaanza kuwafuata mmoja mmoja pale walipokaa, akichuchumaa mbele ya kila mmoja, fomu mkononi, na kila mmoja akageuza uso. Mwishowe akafika kwa Minza, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni na ambaye hajawahi kumwogopa mwanaume.

"Ndugu katibu," Minza alisema, "huyo unayemtaka, sasa hivi tunapoongea yuko juu ya mti, na kilichomshika ni kamba moja. Nikimtaja hapa, mbele ya hawa wote, na jioni wakaniletea maiti, utanilea wewe?"

"Minza, nakuomba. Ni watoto wanne."

"Mimi ninao sita." Alikuwa akilia. "Na wote wanakunywa Nkulusi. Wewe uliandika mwenyewe, Raymundi. Hakuna aliyekutuma."

Mzee mmoja akataka kujua kama wale marehemu wanataka kijiji kizima. Raymundi akasema hapana, wanataka mkewe na wanawe tu. Alipokwisha kusema hivyo alijua amejimaliza. Aliona mabega ya watu yakishuka, pumzi zikiwatoka.

Sylvester alikohoa. "Tupige kura. Wanaotaka majina yafutwe, wanyooshe mikono."

Raymundi akanyoosha mkono. Alisimama hivyo, mkono juu, akizunguka taratibu ili amwone mwenzake hata mmoja. Wapo aliowapeleka hospitali kwa baiskeli yake. Wapo waliobatiza watoto wao naye akiwa msimamizi. Hawakuwa watu wabaya hata kidogo. Kila mmoja alikuwa tu na ndoo yake nyumbani.

"Wanaotaka majina yabaki."

Ilinyooka mikono ya vijiji vitano. Ilinyooka kwa aibu, haikupita usawa wa sikio, lakini ilinyooka, na wa mwisho ulikuwa wa mfumu Ngollo, aliyekuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Nyuma kabisa, penye jua, Veneranda alikuwa amesimama na watoto. Wote watano walikuwa wamenyoosha mikono yao.

"Hata wewe?" Raymundi aliuliza. Sauti yake ilisikika uwanja mzima.

"Nifanyeje?" Veneranda alisema, na kwa muda mfupi macho yake yalikuwa macho yake, yamejaa woga, yanamwona. "Wao ni wengi, baba Apolinaria. Wao ni wengi mno."

"Katibu, andika," alisema Sylvester kwa upole. Na katibu, ambaye hakuna mwingine pale aliyejua kuandika muhtasari, akaandika.

Ijumaa hakwenda popote. Aliwafungia ndani tangu asubuhi, akaegemeza kitanda mlangoni, akachukua kamba ya katani ya kufungia mizigo na kuwafunga wote watano kiunoni, kisha akajifunga nao mwenyewe, na mwisho wa kamba akauzungushia nguzo ya nyumba mara saba. Veneranda hakukataa. Alimsaidia kushika mafundo. Walikaa chini wamebanana, Apolinaria akiwasimulia wadogo zake hesabu za darasa la tatu ili wasiogope, na mdogo amelala kwenye paja la baba yake, na Raymundi akawa anasali sala zote anazozijua, na zilipomwishia akaanza kuomba kwa yale majina, akiwataja wale arobaini na moja mmoja mmoja kama babu yake alivyokuwa akiwataja, akiwaahidi pombe, akiwaahidi ng'ombe, akiwaahidi yeye mwenyewe, wamchukue yeye, yeye ndiye aliyegonga dole, na njuga zikaja hadi ukutani, na kukohoa kukawa ndani ya chumba, na akaikaza kamba mpaka ikamchana viganja, hakufumba jicho, hakusinzia, anaapa mpaka kesho kwamba hakusinzia, alihisi tu kamba ikilegea, kidogo kidogo, kama nguo inavyolegea kwa mtu aliyekonda. Alipotazama, vitanzi vitano vilikuwa vimelala sakafuni, mafundo yake hayajafunguliwa. Paja lake lilikuwa bado na joto la mtoto.

Serikali ilitimiza neno lake. Mansukh alilipwa, akampeleka mkewe Dar. Wenye kiwanda waling'oa vigingi vyao wakaondoka. Vijiji vitano vilicheza ngoma siku mbili, na lililetwa bango la bati lenye maandishi meupe kwamba hapa ni mali ya umma, hapajengwi. Wavuna asali walirudi wote salama. Maji ya Nkulusi yalikuwa masafi mwaka ule, na bado ni masafi. Raymundi aliwatafuta mkewe na wanawe porini, mtoni, stesheni, na kwa watani wa mbali, mpaka nguo zikamwishia mwilini, na mwaka mzima hakwenda ufukweni, kwa sababu alijua.

Alikwenda siku moja ya mwezi wa nane, mwaka uliofuata, saa saba mchana, wakati hakuna achotaye. Ufukwe ulikuwa mweupe, hauna mtu. Lakini alinusa moshi wa kuni na ugali unaosongwa, na alipopiga hatua chache akaona mchanga umefagiwa, umefagiwa vizuri kwa mistari kama Veneranda anavyofagia, na juu yake mafiga, matatu matatu, seti baada ya seti, zikifuata maji mpaka macho yanapokoma. Kulikuwa na sauti za watoto wakicheza, wakifukuzana, kila mahali zilezile nne. Alisimama pembeni ya mchanga uliofagiwa. Alishindwa kuukanyaga.

"Hodi," alisema.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Veneranda, karibu kabisa, mbele ya uso wake.

"Mimi. Raymundi. Mumeo."

Kisha akamsikia akigeuka na kuuliza ndani. "Baba Apolinaria, kuna mtu nje anajiita Raymundi. Tunamfahamu?"

Sauti za kiume zikajibu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa ufukwe, kwamba hawamfahamu.

Ndipo Apolinaria akatoka, au sauti yake ilitoka, ikasimama mbele yake pale penye uwazi. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, anayemhurumia mtu mzima aliyechoka na jua.

"Mgeni, kama ni maji, ni kule mbele," ilimwambia. "Chota tu. Hakuna anayekataza."

Raymundi akamshukuru, akaenda alikoelekezwa.